Papa, Nimezima Spika Zako

Papa,

Nimezima spika zako. Naanza na hilo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za Mama. Zote nane. Nilichomoa waya mmoja mmoja kwa mkono wangu, na nilipochomoa wa mwisho nyumba ikanyamaza, na jirani wako wa upande wa kushoto, yule mwanamke mwenye mbwa mweupe, akapiga makofi barazani kwake. Nilimsikia. Sikumlaumu.

Ulizoea kunicheka kwamba nikiandika naandika kama mtu wa redio, kwa sababu nilisomea kambini Tanzania. Bon, cheka. Leo utaisikiliza hiyo redio mpaka mwisho, maana safari hii huwezi kuniambia mtandao ni mbaya.

Tumekuzika wiki tano zilizopita. Mama hakuwepo. Daktari wa Louisville alimkataza kusafiri, alikuwa bado anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Alikaa kwetu Iroquois huko Louisville, kwenye kile kiti chako cha karibu na dirisha, akatazama mazishi ya mume wake kwenye simu ya mjukuu, picha ikikwama kila kwaya ilipopaza sauti. Mchungaji alisema ulikuwa mtu wa maono. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilijua ni maono gani.

Bado nakumbuka siku uliyotoka Louisville. Miaka minne sasa. Ulisema Buffalo kuna kazi kwenye kiwanda cha jibini, kuna nyumba za bei rahisi mtaa wa Black Rock, mtu anaweza kuwa na mlango wake mwenyewe. "Mimi natangulia. Nyumba ikiwa tayari mtanifuata." Kaka Bisimwa alikuwa ameshahamia Columbus kwa ajili ya ghala lake, mimi nilikuwa na ghala langu, Mama alikuwa anaosha wazee wa watu huko Highview. Tukakuamini. Ukapata nyumba kweli. Ukatutumia picha: nyumba ya mbao, rangi imebanduka, reli nyuma yake, na juu kabisa chumba chenye dirisha linalotazama mto. Ukasema kwa sauti ile yako ya kuahidi, "Hicho ni cha mama yenu. Asubuhi ataamka anaona maji, kama kwetu Uvira."

Mama aliweka ile picha kwenye Biblia yake.

Halafu kila mwaka nyumba haikuwa tayari. Mara bomba, mara ngazi, mara baridi. Na katikati ya hayo yote ukaanza habari ya ndege.

Nilidhani ni mzaha. Ulinipigia ukaniambia kwamba rafiki yako wa kiwandani, Mzee Thein, mtu wa Burma, alifanya kazi ujanani kwenye nyumba ya ndege. Kwamba kwao, mji ulio kando ya bahari, watu wanajenga nyumba ndefu zisizo na madirisha, wanacheza sauti za ndege kwenye spika, na ndege wadogo kama mbayuwayu wanaingia kwa maelfu, wanajenga viota kwa mate yao, na watu wanavichuma na kuvipika supu. Ulicheka mwenyewe ukinisimulia. Kisha ukaacha kucheka. "Hebu fikiri, Nsimire. Haibi hata jani la mtu. Anatema mate yake, anapata nyumba." Nikakujibu kwamba mapumziko yangu yamekwisha, msimamizi ananiangalia.

Ningejua, ningeendelea kucheka kwa ajili yetu wote wawili mpaka nikuaibishe.

Mwezi wa pili mwaka huu Mama akaanguka bafuni. Upande wa kulia wote ukafa ganzi, kinywa kikapinda. Nilikupigia nikiwa kwenye ukumbi wa hospitali, nimevaa koti juu ya nguo za kulalia. Ulilia, nakumbuka. Ukasema utakuja wiki ile. Wiki ile ikapita. Ukasema kiwandani hawakupi ruhusa, watu ni wachache, ukitoka unapoteza nafasi. Mwezi wa tatu hivyo hivyo. Mwezi wa nne hivyo hivyo. Nilikutetea watu wasikuseme kanisani, Papa. Nilisimama mbele ya kina mama wa kwaya nikasema: kazi za viwandani mnazijua wenyewe, si kupenda kwake.

Halafu mwezi wa tano, mchana, niko kwenye mapumziko, unanipigia unapiga kelele: "Wamekuja! Wamekuja!"

Nilishtuka. Nikadhani ni polisi, nikadhani ni watu wa karatasi za uhamiaji. "Nani wamekuja, Papa?"

"Wao! Wawili! Wameingia kwa tundu! Sikiliza, sikiliza!"

Ukaweka simu hewani, nikasikia tiki-tiki-tiki, kama mtu anatikisa funguo. Mama yangu asubuhi ile alikuwa amelia kwa sababu uji ulimtoka mdomoni mbele ya mgeni. Nilikata simu. Ndiyo, mimi. Naandika hapa ili lisiwe siri: nilikukatia simu, na sikujuta, na leo bado sijui kama najuta.

Ulikuwa unakohoa tayari. Ukaniambia ni vumbi la mbao.

Sasa sikiliza tulivyokuja kwako.

Siku ya mazishi tuliondoka makaburini bila kufika nyumbani kwako. Baadaye Mzee Thein, aliyebaki na ufunguo wako, alinitumia picha ya karatasi ya jiji iliyobandikwa mlangoni. Majirani wamelalamika kuhusu kelele, kuna tundu ukutani lisilo na ruhusa, wenye nyumba warekebishe ama nyumba itafungwa. Wenye nyumba ni sisi sasa. Nikaomba siku nne kazini. Mama akasema anakuja. Nikasema hapana. Akanitazama kwa lile jicho lisilofunga vizuri, akaanza kuvaa viatu mwenyewe, kwa mkono mmoja, dakika ishirini kiatu kimoja. Nikamletea cha pili. Daktari tulimpigia simu, naye akachoka kubishana naye.

Columbus tukamchukua Bisimwa. Mwanao amenenepa na ana mvi, ungemcheka. Alileta chupa ya chai na mtaimbo. Nilipouona mtaimbo kwenye buti la gari nilifurahi, sitakuficha. Njia nzima mpaka Buffalo nilikuwa naona mikono yangu ikibomoa.

Mama alikaa nyuma. Alishika ile Biblia.

Tulifika alasiri. Tukamketisha Mama jikoni kwako, kwenye meza yenye kiti kimoja. Kiti kimoja, Papa! Nyumba ya kutufuata sote, ina kiti kimoja. Juu kelele zilikuwa zinaendelea, tiki-tiki-tiki, kutoka asubuhi hadi jioni, ulivyozitega zijiwashe zenyewe. Umekufa na nyumba inaendelea kupiga kelele kama haina habari. Mzee Thein alikuwa anatusubiri kwenye ngazi, kofia mkononi. Ni mzee mfupi, mpole, anaongea kile Kiingereza chenu cha kiwandani, neno moja na mkono mmoja. Aliinamisha kichwa kwa Mama. Kisha akatupandisha mimi na Bisimwa.

Na mlango aliofungua ni wa chumba cha Mama.

Nilisimama pale nikihesabu milango, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Dirisha la mto umelipigilia mbao na kulipaka rangi nyeusi, umeacha tundu moja juu, la kupitisha kichwa cha mtoto. Kuta zote giza. Darini umepigilia mbao zisizopigwa randa, mstari kwa mstari, kama rafu zilizogeuzwa. Mashine ya kutoa mvuke pembeni. Harufu ya mavi ya ndege na ukungu ikanikamata koo. Nilikohoa mara tatu ndani ya dakika moja, mimi mwenye mapafu mazima. Wewe ulikuwa unakaa humo kila ukitoka kazini. Daktari wako wa Buffalo aliandika kwenye karatasi zako, mwaka jana, usikae penye ukungu. Mwaka jana! Karatasi tumeikuta jikoni, chini ya sufuria.

Mzee Thein akanifundisha kukagua, kwa sababu alidhani nimekuja kukagua. Tembea polepole. Usiseme kwa sauti. Tochi usiielekeze kwa ndege, ielekeze sakafuni, mwanga upande wenyewe. Alikuwa na kioo kidogo kwenye ncha ya fimbo, ulichomtengenezea wewe, akakiinua taratibu ubao kwa ubao, akanionyesha. Ubao wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Akasema kwao angeshachoka kuhesabu kwenye ubao wa kwanza. Tulizunguka chumba kizima. Mistari kumi na nne ya mbao, kila msumari umeupigilia wewe.

Kiota kilikuwa kimoja. Na hakikuwa hata kwenye mbao zako. Kilikuwa ukutani, kwenye kona, penye tofali la bomba la moshi. Vijiti, Papa. Vijiti vikavu vidogo vilivyogandishwa kwa mate yanayong'aa kama gundi. Hakuna binadamu anayeweza kupika supu ya vijiti.

Nikamuuliza Mzee Thein, "Hukumwambia?"

Akasema alikuambia. Siku ya kwanza kabisa alikuambia kwamba ndege yule wa kwao haishi huku, kwamba wa huku ni ndugu yake tu, anajenga kwa vijiti. Alikuambia mara nyingi. "Baba yako akasema, watajifunza."

Watajifunza!

Bisimwa alicheka. Mimi nilinyoosha mkono, nikamwambia anipe mtaimbo. Nilitaka kuanzia kwenye ile kona. Mzee Thein hakubishana na mimi. Alikwenda tu akasimama mbele ya kiota, mgongo ukutani, akainua kile kioo juu ya kichwa chake ili nione ndani. Makinda manne, bado hayana manyoya vizuri, yameshikilia ukingo kwa kucha. "Wiki tatu," alisema. "Wakiruka, vunja yote. Mimi nitasaidia." Akaongeza kwamba hata sheria ya hapa inakataza kugusa kiota chenye makinda.

Nilikuwa nashusha mkono. Kwa kweli nilikuwa naushusha. Ndipo yeye, kwa wema tu, ili kunituliza, akaniambia jinsi ulivyokuwa na furaha mwezi wa tano. Kwamba ulichukua likizo. Kwamba mlikaa wote wawili kwenye sakafu ile wiki mbili nzima, kimya, na chai na mihogo, mkiwasubiri waingie.

"Likizo?" nikauliza.

"Wiki mbili," akasema, akionyesha vidole viwili, anatabasamu.

Papa. Mwezi wa tano.

Sikuvunja kitu. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi. Bisimwa akaja akaketi chini yangu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Usimwambie Mama. Donc, basi, amekufa, ameenda. Hii itamuua na yeye." Nikamwambia wewe ulishamfia Mama mara ya kwanza mwezi wa pili, mara ya pili mwezi wa tano, hii ya kuzikwa ni ya tatu. Akasema mimi nina moyo wa jiwe kama wewe. Tusi hilo nililikubali.

Nakumbuka baridi yetu ya kwanza Louisville. Zamu yangu ilikuwa inaanza alfajiri, na wewe hukuwa na kazi bado. Ulikuwa unanisindikiza mpaka kituo cha basi, bila kofia, umebeba bukari yangu, ugali wa mchana, ndani ya koti ili isipoe. Basi likija unanipa, bado ina moto wa mwili wako. Miezi mitano, hukukosa asubuhi hata moja. Mtu yule najiuliza alikwenda wapi. Ningekuwa na baba mbaya tangu mwanzo, nisingekuwa na barua hii ya kuandika.

Nilishuka jikoni nikamwambia Mama. Nilisimama, sikukaa, maana kiti ni kimoja. Nilimwambia yote: chumba, dirisha, likizo, wiki mbili. Bisimwa aligeukia sinki, akafungua maji bila sababu.

Mama aliweka Biblia mezani. Kisha akasema, "Nishikeni, nipande."

Tulimpandisha ngazi moja moja, Bisimwa mbele, mimi nyuma. Alipumzika mara sita. Mlangoni akasimama, akaangalia giza lile. Akaomba tuzime ile sauti, ndipo nilipochomoa nyaya zako. Baada ya kimya kile tukasikia wa kweli. Mmoja wa wazazi aliingia kwa tundu kama jiwe lililorushwa, akajibandika ukutani, na makinda yakapiga kelele kuliko spika zako zote. Mama alisikiliza mpaka yakashiba.

Halafu akasema, kwa kile kinywa chake kinachovuta maneno upande mmoja: "Mimi ndiye nilimwambia asikuje."

Sikuelewa.

"Mwezi wa pili. Nilimwambia, Papa Bisimwa, usikuje kuniona na hii kinywa imepinda. Ungoje nipone. Alilia, akasema anakuja tu. Nikamwambia ukikuja, sitakufungulia mlango." Akafuta mate kwa leso. "Na akasikia! Miaka makumi tatu na saba ya ndoa, mara moja tu huyu mwanaume ananisikia, na ni hiyo! Hiyo ndiyo sitamusamehe."

Bisimwa alicheka tena, na safari hii akalia.

Kwa hiyo mlikuwa wawili. Wewe unanidanganya kiwanda, yeye ananyamaza, na mimi katikati nawatetea kanisani kama wakili asiyelipwa hata asante. Nilimkasirikia Mama kwa muda wa ngazi mbili tatu. Kisha hasira yote ikarudi kwako, nadhani huko ndiko nyumbani kwake. Mwanaume mwenye akili angekuja. Angebisha hodi mpaka majirani watoke. Angeketi nje kwenye ngazi za Iroquois siku tatu. Mama alikuwa anakungoja ukatae kukatazwa, Papa. Kila gari likipunguza mwendo nje alikuwa anageuza shingo. Nilikuwa naona, nikadhani ni ugonjwa.

Wewe ulikwenda kuwangoja ndege.

Siku ya pili tukafanya kazi. Mzee Thein alishusha spika na mashine ya mvuke. Bisimwa alipeleka barua ofisi ya jiji kwamba kelele zimekwisha, na tundu litazibwa ndege wakiondoka. Wamekubali, wametupa mpaka vuli. Mimi nilifua mashuka yako. Mama alilala kwenye kitanda chako usiku wa siku zote tatu, hakutaka kingine. Asubuhi ya mwisho alimuuliza Mzee Thein, kupitia mimi, kama ulikuwa unakula vizuri. Akasema ulikuwa unapika maharage ya siku nne kwa mara moja. Mama akatikisa kichwa: "Na chumvi hakujua kuipima." Mzee Thein akakubali kwamba hukujua.

Tulipita makaburini kabla ya kushika njia. Ulituona mimi na Bisimwa tukifika na maua. Labda ulijiuliza mwenzio yuko wapi. Alikuwa garini, mita thelathini kutoka kwako, mkanda amejifunga. Nilimfungulia mlango, nikamnyooshea mkono. Akasema, "Bado. Sijamaliza kukasirika. Nikishuka leo nitalia tu, na yeye atafikiri yamekwisha."

Basi ndivyo tulivyo. Makinda yameruka, Mzee Thein alinipigia juzi, anasema yote manne. Bisimwa atakuja wiki ijayo na mtaimbo wake. Mbao zako mistari kumi na nne zitashuka, dirisha la mto litafunguliwa, na nyumba itauzwa kwa watu watakaoitumia kulala. Sikuombi ruhusa.

Sikusamehe, Papa. Hilo nakuambia wazi, kwa sababu ulinifundisha nisimwage maneno ya kanisani kwa mtu nisipoyamaanisha. Lakini pia sitakusema tena mbele za watu. Wakiuliza, nitasema ulikuwa mtu wa kiwandani na ulikufa kwa mapafu, basi.

Na nakuahidi moja. Mwaka ujao, mwezi ule ule wa tano, nitamleta Mama mpaka hapo ulipo. Anafanya mazoezi ya kutembea kila siku, raundi mbili za maegesho, anahesabu kwa sauti. Ukimuuliza anafanya mazoezi kwa ajili gani anasema ni mambo yake. Maneno anayoyakusanya siyajui na sitaki kuyajua. Nitamshusha, nitampa fimbo yake, nitarudi garini na kufunga vioo. Hayo ni yenu wawili.

Safari hii utamsikiliza mpaka amalize.

Binti yako,
Nsimire